Sambaza Maktaba Yako, Dunia Ikukome

Usiuonee haya msimbo wako kwa sababu ni mfupi. Left-pad ilikuwa na mistari 11 ya JavaScript na kazi moja tu: kuongeza herufi kushoto mwa neno mpaka litimie urefu unaotakiwa. Machi 2016 mwenyewe aligombana na wenye ghala la npm juu ya jina la kifurushi chake kingine, akaondoa vifurushi vyake vyote, hiki kikiwamo. Maelfu ya miradi ikagoma kujengeka, na npm wakalazimika kukirudisha wao wenyewe. Mistari 11! Wengine tunaandika vitabu vizima na hakuna hata anayekohoa.

Basi chagua kazi ambayo mtu yeyote angeiandika mwenyewe akisubiri chai ipoe. Mfano wa kuigwa ni is-odd, inayokueleza kama namba ni witiri, na ndugu yake is-even, inayotafuta shufwa kwa kumuuliza is-odd kisha kugeuza jibu. Ukimwalika wa pili anakuja na wa kwanza, na wa kwanza hasafiri bila is-number. Ukoo mzima kwa swali la darasa la pili.

Sasa kufungasha, ambako ndiko mafundi hujulikana. Kwa miaka mingi vivinjari havikuwa na mfumo wao wa moduli, kwa hiyo kila kundi likabuni wake: Node wakashika CommonJS, wa vivinjari wakaja na AMD, halafu ikazaliwa UMD ya kuwapatanisha, yaani rundo la "kama" na "la sivyo" juu ya faili, likijaribu kubahatisha limeamkia nyumba ya nani. Kiwango cha ES2015 kilimaliza ubishi, na tangu 2017 vivinjari vikubwa vikaanza kusoma import bila msaada wa mtu. Usikubali kirahisi hivyo. Toa matoleo yote, yaliyobanwa na yasiyobanwa, kisha ndani ya package.json jaza main, module, browser na exports, kila kimoja kikielekeza kwenye faili yake. Ukibahatika, programu moja itapakia nakala mbili za maktaba yako zisizojuana kabisa: mtumiaji ameingia kwenye moja, ya pili haina habari naye. Akilalamika, mjibu kwamba kwako inafanya kazi.

Kuhusu uzito, usijinyime. Kuna watu wanaoandika kila funksheni kivyake ili Rollup au webpack ziweze kupukutisha isiyotumika. Wewe zirundike zote ndani ya kitu kimoja kikubwa, anayetaka moja abebe zote. Moment.js, iliyotumika kila mahali kushughulikia tarehe, ilikuwa hodari wa hilo: ukiifungasha kwa webpack bila tahadhari ilikuja na lugha zake zote, hivi kwamba mtu wa Oslo alishushiwa majina ya miezi kwa Kiswahili, na mtu wa Mbagala akalipia ya Kinorwe kwa bando lake la siku. Mwaka 2020 timu yake yenyewe ikawashauri watu watafute kitu kingine kwa miradi mipya. Na bando ni nusu tu ya gharama. Picha ya KB 400 ikishafika huonyeshwa. JavaScript ya KB 400 ikifika bado inabidi ichambuliwe na kuendeshwa, na simu ya bei nafuu hufanya hivyo ikipata moto mfukoni. Lakini wewe una faiba ofisini na kompyuta ya mwaka huu, hayo utayajuaje?

Namba za matoleo zina adabu yake: ya kwanza hupanda unapovunja kitu, ya pili unapoongeza, ya tatu unaporekebisha. Badilisha jina la funksheni muhimu Ijumaa jioni, kisha toa 1.4.3. Kwa kawaida npm huweka alama ya ^ mbele ya namba, maana yake mteja apokee kipya chochote mradi namba ya kwanza haijasogea. Asiyetunza package-lock.json atakutambua Jumatatu.

Mwisho, washawishi watu waivute maktaba moja kwa moja kutoka seva ya mtu mwingine, wakiandika "latest" badala ya namba, bila sifa ya integrity ambayo ingekifanya kivinjari kikatae faili iliyochezewa. Wakiuliza faida, waambie faili itakuwa tayari imehifadhiwa kwenye kivinjari kutokana na tovuti nyingine. Si kweli tena: Chrome ilianza kutenga akiba ya kila tovuti mwaka 2020, na Safari ilishaitangulia. Hoja hiyo bado inauzika.

Polyfill.io, huduma iliyogawa viraka kwa vivinjari vya zamani, ilifuata njia hiyo mpaka mwisho. Februari 2024 anwani yake iliuzwa kwa kampuni nyingine, na mtu aliyeianzisha huduma hiyo akawasihi wenye tovuti waiondoe upesi, kwa kuwa vivinjari vya leo havihitaji viraka vyake. Kufikia Juni ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wageni kwenye kurasa za kamari, na zaidi ya tovuti 100,000 zilikuwa bado zinaivuta. Fungua ukurasa wako leo, hesabu script zinazotoka kwa watu usiowajua, na uzihamishie kwenye seva yako mwenyewe.