Wapwa Wanaimaliza Betri

Kwa sisi Waluguru, mali ya mjomba ina wenyewe, nao ni wapwa. Wazee walipoweka utaratibu huo walikuwa na mashamba akilini. Betri ya sola hawakuwahi kuiona.

Ninaishi Kinole, upande wa mashariki wa milima, ambako upepo wa bahari hupanda na kuacha mvua zake kabla haujavuka kuelekea Morogoro mjini. Mvua hiyo inaujaza Mto Ruvu, na Ruvu unawanywesha Dar es Salaam. Wenzetu maji yetu wanayo, na jua wanalo. Mimi nimebaki na paneli inayotazama ukungu.

Juu ya ukungu huo, wapwa! Huyu na simu, yule na spika, mwingine na mashine ya kunyolea. “Shikamoo mjomba, nachomeka kidogo tu.” Kidogo cha huyu, kidogo cha yule, na usiku wa mpira inveta inaanza kulia hata mapumziko hayajafika.

Nikaishusha betri mjini kwa fundi. Akafungua vifuniko, akamulika kwa tochi, akaguna: “Mzee, hii mmeilaza njaa.”

Bamba chanya lililo zima ni la kahawia: hiyo ni oksidi ya risasi. Hasi ni risasi tupu, ya kijivu. Betri ikitoa umeme, yote mawili hupata utando wa salfeti. Ukiichaji, umeme huirejesha oksidi mahali pake, chembe kwa chembe. Mfaransa Gaston Planté alibuni betri ya namna hii mwaka 1859. Sijasikia popote kwamba alikuwa na wapwa. Betri ikishinda siku nyingi bila kujaa, salfeti hukomaa ikawa fuwele ngumu, na hapo chaja haiiwezi tena. Mabamba yangu yalikuwa meupe pe.

Jirani naye ana dawa yake: niongezee maji ya kijito, eti ni safi. Safi ya kunywa, ndiyo. Lakini yana madini, na betri inataka maji yaliyotoneshwa, yasiyo na kitu.

Basi natangaza. Volti zikishuka chini ya 12, hakuna kuchomeka. Migomba rithini, karafuu rithini, hata kabla sijafa. Betri mpya ni yangu, na mpwa mwenye simu aje saa sita mchana, jua likiwepo.