Sifa za Shimo la Barabarani

Shimo la barabarani ni mtumishi wa usalama afanyaye kazi usiku na mchana bila mshahara wala sare. Mjini Butembo, Kongo, makao yake makuu ni barabara ya taifa namba 2, ile inayotoka Goma kupitia Lubero, ikaukata mji katikati kwa jina la Président de la République, kisha ikateremka kilomita 54 hadi Beni. Fuso za mizigo, motari wa pikipiki na abiria wao, wasukuma chukudu (vigari vya mbao vya magurudumu mawili) na akina mama wenye mzigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso wote wanagombea njia hiyo moja. Mwenda kwa miguu, mahali pengi, amebakiziwa ukingo wa mfereji, nao tayari una mchuuzi wake.

Kuzaliwa kwa shimo hakuhitaji zabuni. Mfereji ukizibwa na takataka, mvua za Machi hadi Mei hurudisha maji barabarani, yakatuama penye kibonde kidogo. Kila tairi linalopita husukuma tope nje, na kabla mvua hazijakatika kilichokuwa kikombe kimekuwa karai.

Kazi yake kuu ni kupunguza mwendo. Fuso iliyokuwa ikishuka kwa kasi hupiga breki, dereva hurudi gia ya kwanza, gurudumu la mbele huzama taratibu, bodi hulia, na wakati huo mtoto wa shule ameshavuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kupunguza mwendo wa wastani kwa asilimia 5 tu hupunguza ajali za vifo kwa asilimia 30. Shimo la wastani hupunguza zaidi ya hapo, tena bila semina. Huko Marekani, ilibidi Arthur Compton, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 1927, akae mwaka 1953 kubuni matuta ya kuzuia mwendo katika chuo alichokiongoza. Butembo kazi hiyo imeachiwa mvua.

Shimo pia hutibu ugonjwa ambao sheria haijauweza. Kanuni za barabarani za Kongo, za mwaka 1978, zinaagiza magari yaendeshwe upande wa kulia, lakini mengi yanayofika kwa njia ya Mombasa na Kasindi yana usukani kuliani. Dereva wa gari kama hilo amekaa upande wa mfereji: akitaka kulipita lori haoni kinachokuja, na mlango wa basi dogo unamshusha abiria katikati ya barabara. Penye mashimo hakuna anayelipita lori. Na tofauti na walinzi wengine wa barabara, shimo halijamwomba motari hata senti moja. Wanaoomba kwa jina lake ni vijana wenye sepetu wanaolifukia kwa udongo na kunyoosha mkono. Mvua inayofuata huwarudishia kazi.

Kasoro zake ni chache ila nzito. Motari hashuki shimoni. Hutafuta ule utepe mkavu kati ya shimo na mfereji, ambao ndio nafasi ya mwenda kwa miguu. Likijaa maji kina chake hakionekani, na chukudu yenye magunia ya makaa, ambayo breki yake ni kipande cha tairi kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma, huliona likiwa limeshaimeza.

Adui yake ni lami. Juni 2021 marais Tshisekedi wa Kongo na Museveni wa Uganda walizindua pale mpakani Kasindi mradi wa kilomita 223 za barabara, zikiwemo 80 za Kasindi hadi Beni na zile 54 za Beni hadi Butembo. Lami ikifika bila kitu kingine huleta mwendo peke yake, na kila kazi ya shimo hubaki bila mwenyewe. Warithi wanaofaa wanajulikana: matuta kabla ya shule na masoko, mifereji yenye vifuniko imara vinavyoweza kutembelewa, njia ya pembeni iliyoinuliwa isiyopandwa na pikipiki, sehemu ya chukudu na baiskeli kwenye miteremko, na vituo ambapo basi husimama nje ya njia. Tuta nalo lataka rangi nyeupe na alama ya kulitangaza mapema, kwa sababu lisipopakwa humrusha motari usiku, na hilo hata shimo liliweza kulifanya bure.