Chupa na Glasi Baada ya Saa Tisa

Mtu akitaka kujua kwa nini baa za kokteli zinafunguliwa kila kukicha Westlands, Nairobi, asimuulize mwenye baa wala mnywaji. Wa kwanza ana mkopo wa benki, wa pili anaumwa kichwa. Mashahidi wanaofaa ni vyombo, kwa kuwa hupita mikononi mwa wote na hawalipwi na yeyote. Yafuatayo ni mabishano yao katika baa moja karibu na Woodvale Grove, wageni walipokwisha kuondoka. Wanaozungumza ni Glasi, mwenye shina jembamba, aliyening'inizwa kichwa chini juu ya kaunta. Chupa ya bia, mzee wa kahawia mwenye tembo kifuani, aliyekuwa kwenye kreti akingoja lori la depo. Na Barafu, pande moja la mraba lililosalia bakulini, ambaye kwa sababu zake mwenyewe hakuwa na muda mwingi.

GLASI: Mzee, shikamoo, lakini uliingiaje humu? Mlangoni pana baunsa, na baunsa hukagua mpaka viatu.

CHUPA: Marahaba, binti yangu. Niliagizwa na mgeni aliyesoma orodha yenu ya vinywaji kurasa mbili, akaona aibu kuuliza, akaitisha anachokijua. Mimi ni chupa ya kurudishwa: nanywewa, naoshwa, najazwa, narudi barabarani. Kabla ya kuja kwako nilikuwa Kayole, na kabla ya Kayole nilikuwa Githurai. Bia niliyobeba safari zote ni ya kiwanda kilekile cha Ruaraka, na ushuru wake haukubadilika nilipovuka Barabara ya Waiyaki. Bei yangu, hata hivyo, ilipanda hadi kukaribia maradufu bila mimi kuongezwa tone. Basi tuulizane kilichoongezeka ni nini. Kimeongezeka kiti chenye mgongo, taa, choo chenye sabuni, mlinzi, na uhakika kwamba hakuna askari atakayeingia kupindua meza na kudai chochote. Hoja yangu usiku huu ni hiyo moja tu: mnachouza hapa ni usalama na heshima ya mnywaji, vitu ambavyo mji ungepaswa kumpa kila mtu, nanyi mmevigeuza anasa.

GLASI: Unanilinganisha na bia, mzee, na hapo ndipo unapokosea. Ndani yangu mna kazi. Kuna jini inayokenekwa hapahapa Nairobi kwa matunda ya mreteni wa Afrika, mti wa nyanda zetu za juu, na wageni wa Ulaya wanaisifu. Kuna ukwaju, tangawizi, asali na pilipili kutoka kwa wakulima wa hapa. Wala sisi si wageni wa jana: dawa, kokteli iliyoipa Kenya sifa, ilijulikana kupitia Carnivore, mkahawa uliofunguliwa Lang'ata mwaka 1980, na ni vodka, ndimu, asali na kijiti cha kukorogea. Kijana anayenitengeneza amejifunza miezi kadhaa, na analipwa. Ukiondoa bei yangu, unaondoa mshahara wake.

CHUPA: Siubezi ustadi wa kijana huyo, na mshahara wake ni halali. Ila tupige hesabu. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo 15 vya mililita 50. Tuseme kila glasi inauzwa shilingi 1,000, bei ambayo mitaa hii haiioni kuwa kubwa. Hizo ni shilingi 15,000 kwa chupa moja, na jini ya kawaida dukani hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Ongeza ndimu, ongeza asali, ongeza mshahara wa kijana, bado hujafika. Panapobaki pengo ndipo panapokaa kodi ya jengo, na kodi ya jengo Westlands ni kubwa kwa sababu kila mtu anataka kukaa mahali ambapo wengine hawawezi kukaa. Ukurasa wa kwanza wa orodha yenu mngeuandika "Umbali", na bei yake kando.

BARAFU: Mimi nimegandishwa polepole, kuanzia upande mmoja, ili niwe wazi kama kioo. Kuna mitaa ya jiji hili inayopata maji kwa ratiba ya mgao, na mingine hununua kwa mtungi. Nimeona niseme mapema.

GLASI: Sawa, tukubali kwamba ninauza usalama. Kuna ubaya gani? Humu hakuna aliyepofuka. Kinywaji changu kina lebo, kina stempu ya ushuru, kimepimwa. Mwanamke huingia peke yake, akakaa kaunta, akaondoka bila kushikwa mkono. Mzee, hivi unalaumu taa kwa kuwa nje kuna giza?

CHUPA: Taa siilaumu. Namlaumu aliyeamua taa iwashwe wapi. Novemba 2000, pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 makumi walikufa katika kaunti kadhaa kwa namna hiyohiyo. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga, na kwa maelezo ya serikali yenyewe, pombe iliyowaua watu wale ilikuwa ushahidi wa kesi uliotoweka katika kituo cha polisi. Methanoli haitambuliki kwa ulimi. Mnywaji hana njia ya kuijua isipokuwa mtu mwingine, mwenye chombo na wajibu, ampimie. Wewe unapimiwa kabla ya kufika kaunta. Yule wa Mukuru hapimiwi hata mara moja, kisha akishakufa anaambiwa ametaka mwenyewe. Na baada ya Kirinyaga ilifuata nini? Machi 2024 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza hatua 25, mojawapo kufunga baa zilizo katika maeneo ya makazi. Nionyeshe mtaa wa maskini ambao si eneo la makazi! Mwenye mtaji hupata jengo la biashara. Mama pima, muuzaji wa pombe ya kienyeji, ana chumba kimoja, nacho ndicho jiko, kitanda na duka.

GLASI: Amri kama hizo zilitugusa na sisi. Mwaka 2022 Gavana Sakaja wa Nairobi alifuta leseni za klabu za usiku katika maeneo ya makazi kwa sababu ya kelele, na Westlands ililia.

CHUPA: Ililia mahakamani na kwenye televisheni, kwa mawakili. Hilo nalo ni tofauti ya bei.

GLASI: Unaongea kana kwamba kuna njama. Soko tu, mzee. Mwenye nacho hununua kizuri, asiye nacho hungoja.

CHUPA: Soko lina nasaba, binti. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 iliweka vizuizi vya pombe kali kwa Waafrika, kwa jina la kuwalinda. Wakati huohuo Muthaiga Club, iliyofunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 1913, ilikuwa ikimimina jini kwa walowezi mpaka alfajiri, na hakuna aliyeona haja ya kuwalinda hao. Mwafrika wa Nairobi alijengewa ukumbi wa pombe wa manispaa huko Pumwani katika miaka ya 1920, anywe pale, kinachoruhusiwa pale, akionekana. Hata mimi na tembo wangu ni wa enzi hizo: kampuni iliyonizaa ilianzishwa 1922, na husimuliwa kwamba mwasisi mmoja aliuawa na tembo mwaka uliofuata, kisha tembo akapewa kazi ya kutangaza bia. Swali la serikali za wakati ule halikuwa kikombeni mna nini. Lilikuwa nani ameshika kikombe, na yuko wapi. Rangi imeondolewa katika swali, kodi ya pango ikawekwa mahali pake.

BARAFU: Fupisheni, tafadhali. Kona zangu zimeshakwenda.

GLASI: Basi nikupe pingamizi ambalo hutalikwepa. Ukimrahisishia maskini pombe salama, atalewa zaidi. Bei kubwa ni breki. Wewe mwenyewe, mzee, umevunja nyumba ngapi?

CHUPA: Nyingi, na sina utetezi. Ini halisomi stempu ya ushuru, na anayetaka watu wanywe kidogo ana haki yote. Nabisha jambo moja tu: kwamba bei humfanya maskini aache. Mwaka 2004 serikali ilianza kuisamehe ushuru bia ya keg ili watu watoke kwenye pombe haramu. Mwaka 2013 nusu ya ushuru ikarudishwa, na mauzo yakaporomoka vibaya. Wanywaji wale hawakwenda kanisani. Sisemi kila kifo cha 2014 kilitokana na uamuzi huo. Nasema hata serikali ilisoma ishara, kwa maana mwaka 2015 ilirudisha sehemu kubwa ya msamaha. Breki yako, binti, imefungwa kwenye gari lenye magurudumu mengine ya akiba, na dereva anayajua.

GLASI: Na sheria ya pombe ya 2010, ile ya mbunge Mututho? Ilifuta marufuku ya chang'aa, pombe ya kukenekwa kienyeji. Mlango ulifunguliwa, wakenekaji wakakataa kuingia.

CHUPA: Ulifunguliwa kwa ufunguo gani? Chang'aa itengenezwe kwa viwango, ipate leseni, itiwe kwenye chupa ya glasi. Mimi ni chupa ya glasi, najua gharama ya kunizalisha, kuniosha na kunirudisha. Mama pima anakeneka lita 20 nyuma ya nyumba. Sheria ile ilimwambia ajenge kiwanda. Baa za kawaida nazo zikapewa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, huku hoteli na klabu za wanachama zikipewa leseni zao na saa zao. Ingewezekana kabisa kufanya lililo dogo: ofisa wa kaunti aje na vifaa vya kupima methanoli kila wiki, leseni ya ada ndogo, pipa lenye muhuri, na bomba la maji. Anayekeneka vibaya afungiwe kwa sababu ya kilichomo pipani, wala si kwa sababu ya mahali pipa lilipo. Mahitaji yote ya kazi hiyo nimeyaona hapa kwenu, kuanzia kikombe kidogo cha chuma cha kupimia mpaka cheti kilichotundikwa ukutani.

GLASI: Subiri kwanza. Kama yeye atapata leseni, taa, kiti, maji na kipimo, mimi hapa Westlands nitauza nini?

CHUPA: Utauza jini, binti yangu. Kwa bei ya jini.