Shikamoo, Bibi Mnyoo Fundo

Simba amesifiwa vya kutosha. Yuko kwenye nembo, kwenye noti, kwenye jezi za mpira, na sijasikia ameongeza wala kupunguza hata tuta moja la nyanya. Nyuki naye anao wapambe wake. Leo napiga vigelegele kwa kiumbe wa chini kabisa, chini kwa maana ya kuchimba: mnyoo fundo. Wataalamu humwita Meloidogyne. Wakulima waliokwisha kukutana naye wana majina mengine ambayo hayaandikiki gazetini, na wale wasiokutana naye hawamwiti chochote, kwa sababu hawajui kwamba anakula kwao kila siku.

Na hapo ndipo sifa zake zinapoanza. Huyu si mpenda makuu. Viwavijeshi huingia shambani kwa kishindo mpaka redio ikatangaza. Sota hukata mche usiku na kuuacha umelala chini, asubuhi kila mpita njia anajua pametendeka uhalifu. Mnyoo fundo hana fujo hizo. Mche wake unabaki umesimama wima, ila haukui. Wenzake wanatoa maua, wenyewe umeganda na majani machache ya manjano. Jua la saa saba likiwaka unalegea ilhali udongo una maji. Jioni unainuka tena, kama mtoro wa shule aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani.

Basi mwenye shamba anaanza upelelezi. Mbegu ni feki. Hapana, mbolea haikutosha. Au ni maji? Au ni yule jirani aliyepita jana akasema, “Nyanya zako zitapendeza,” kisha akacheka? Anakwenda duka la pembejeo, anarudi na chupa ya kupulizia majani. Wiki ya pili anarudi na mfuko wa urea. Wiki ya tatu anauziwa dawa ya ukungu, maana muuzaji naye ana watoto wa kusomesha. Muda wote huo mhusika yuko mizizini, hajadai hata kutajwa. Kama wenye maduka wangekuwa na shukrani, picha yake ingetundikwa ukutani juu ya kaunta.

Tuje kwenye ufundi. Mtoto wa mnyoo fundo, akianguliwa, hafikii hata nusu ya milimita. Anajipenyeza katika maji membamba yaliyo kati ya chembe za udongo, anaunusa mzizi, anaingia karibu na ncha. Hautafuni ovyo kama mshamba. Anachagua seli chache, anazichoma kwa sindano iliyo mdomoni mwake, anazidungia mate, na seli zile zinasahau kazi zao za zamani. Zinajaza viini vingi bila kugawanyika, zinavimba, zinageuka jiko linalompikia yeye peke yake. Nyama ya mzizi iliyozunguka jiko hilo nayo inavimba, na hilo ndilo fundo. Jani linahangaika juani kutengeneza sukari, mzizi unaikabidhi kwa mgeni. Bibi ananenepa, hatembei tena, anataga mayai kwa mamia ndani ya ute. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, takriban mwezi mmoja unatosha kutoka yai hadi yai. Hesabu ya msimu mzima wa nyanya nakuachia wewe, mimi inaniumiza kichwa.

Mume? Meloidogyne incognita, aliyeenea sana katika nchi za joto, hamhitaji. Mayai yake yanakua bila kurutubishwa. Madume huongezeka hasa hali ikiwa ngumu, msongamano ukizidi na chakula kikipungua. Na wakishakomaa hawali, hutoka mzizini wakaenda zao. Sina la kuongeza. Wasomaji wa kike watalimalizia wenyewe.

Msidhani ni mjinga wa kijijini. Jenomu yake ilipochapishwa mwaka 2008, watafiti walikuta jeni za kuyeyusha kuta za seli za mimea ambazo asili yake inaelekea kuwa ni bakteria. Kwa maneno mengine, nyundo na patasi anazobomolea nyumba za watu aliziazima zamani sana, na hajarudisha.

Tena ni mpenda maisha ya ndani. Mwaka 1855 kasisi mmoja wa Uingereza, Miles Joseph Berkeley, aliandika habari za mafundo aliyoyaona kwenye mizizi ya matango, na matango hayo yalikuwa yanalimwa ndani ya nyumba ya vioo. Tangu habari zake za mwanzo, basi, bibi alikuwa amejistarehesha ndani. Na kwa nini asipende? Shamba la wazi lina kiangazi cha kumfungisha saumu. Kitalu nyumba kina joto la kudumu, maji ya matone, na nyanya baada ya nyanya baada ya nyanya, kwa kuwa mwenye kitalu ana deni la mabomba na nailoni na hawezi kuthubutu kupanda kitu cha bei ya chini. Wengi waliokimbilia vitalu nyumba walidhani wamewafungia wadudu nje. Huyu walimfungia ndani, wakamwashia joto. Na ni mkarimu: majeraha anayoyaacha mizizini huwa mlango wa bakteria wa mnyauko, nao wakiingia hawakai kimya kama yeye.

Hata dunia imewahi kukaa mezani kwa jambo linalomhusu. Kwa miaka mingi wakulima wenye fedha walimuua kwa gesi ya methili bromidi, waliyoipenyeza udongoni chini ya nailoni. Mashamba ya maua ya Naivasha nayo yaliitumia. Ikaonekana gesi hiyo inakula tabaka la ozoni. Ikaingizwa katika Itifaki ya Montreal mwaka 1992, nchi tajiri zikaagizwa kuiacha kufikia 2005, na nchi zetu kufikia 2015, isipokuwa kwa matumizi machache maalumu. Nitajieni mnyoo mwingine aliyenufaika hivyo na diplomasia ya kimataifa.

Wazalishaji wa mbegu hawakulala. Miaka ya 1940 walichukua ukinzani kutoka kwa nyanya mwitu ya Peru wakauingiza katika nyanya ya kuliwa, na mpaka leo ukinzani huo unauzwa ndani ya pakiti za mbegu. Ni kazi nzuri kwelikweli. Lakini udongo ukipita nyuzi 28 hivi, ukinzani unalegea. Bibi anachohitaji ni kusubiri joto, na joto la pwani yetu mnalijua.

Udhaifu wake ni mmoja: hana miguu. Kwa nguvu zake mwenyewe hasogei mbali, ni mwendo wa hatua moja au mbili kwa msimu. Safari ndefu tunamsafirisha sisi, bila nauli. Anapanda jembe lililoazimwa, anapanda udongo wa kwenye buti, anateremka na mfereji wa umwagiliaji. Zaidi ya yote anasafiri na miche iliyonunuliwa kwa bei poa kitaluni kwa mtu ambaye udongo wake hukuuona, ukaipanda ekari nzima kwa mikono yako, mche kwa mche, na kila mmoja ukaumwagilia maji ya kumkaribisha.

Basi ndugu msomaji, ukikuta mche umedumaa, kabla hujatoa pesa dukani chimbua mmoja pamoja na udongo wake, uoshe mizizi taratibu, uitazame. Mche ukiwa wa jamii ya kunde, usije ukawasingizia rafiki zako, bakteria wa vinundu: vinundu vya maharage vimebandikwa ubavuni mwa mzizi, vinabanduka kwa kidole na ndani vina rangi ya waridi. Mafundo ya bibi ni mzizi wenyewe uliovimba, hayabanduki. Ukiyaona, urea haitakusaidia. Ng'oa mizizi yote uichome, usiizike. Pahala hapo pumzisha nyanya, bamia na bilinganya, panda karanga, au acha bangi mwitu ichanue, ile yenye harufu kali, maana mizizi yake hutoa sumu asiyoipenda. Udongo wa kitalu kijacho uchemshe kwenye pipa, au ulowanishe na kuufunika kwa nailoni angavu wiki nne hadi sita za jua kali. Na jembe la jirani lioshe kabla ya kulitumia, na kabla ya kulirudisha.