Sifa za Gari Linalopiga Magoti

Watu wa mtaa wa Fedha, Nairobi, wana ulimi mkali. Wakiona Range Rover ya mtumba imelala upande mmoja kwenye maegesho ya ploti, husema mwenyewe ameingizwa mkenge. Husuda hiyo! Mimi sijaona chuma chenye adabu, elimu na ukarimu kuliko hiki.

Tuanze na adabu. Magari ya makabwela hukalia springi za chuma, ngumu na zenye kiburi. Hili hukalia mifuko ya mpira inayojazwa hewa na kompresa. Mpira ukizeeka hufanya nyufa, hewa huvuja usiku kucha, na alfajiri bawabu hulikuta limepiga magoti, kona ya bampa inakaribia kugusa kabro. Likiwashwa, kompresa hunguruma na gari huinuka taratibu kama mzee anayetoka mkekani, huku majirani waliozibiwa njia wakijifunza subira. Kompresa ikizoea kazi hiyo, nayo huungua. Fundi akishauri mifuko itolewe ziwekwe springi za kawaida, mwenyewe hukasirika: yeye akalie springi, ni matatu hii?

Ama elimu, mwenye Probox anaweza kustaafu bila kujua kilichomo chini ya boneti. Mwenye hili huzijua sensa zote kwa majina, maana dashibodi haimfichi kitu. Ndugu yake, Discovery 3 ya mwaka 2004, hufundisha hata anatomia: mafundi wengi wakiitafuta turbo huona afadhali kunyanyua bodi nzima kutoka kwenye chesi.

Ukarimu nao hauna mfano. Kabla halijatoka bandarini Mombasa, serikali imeshakula. Injini ya petroli ikipita cc 3000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35; bado ushuru wa forodha, bado VAT. Na kwa kuwa sheria huruhusu mtumba wa hadi miaka minane, mara nyingi hufika dhamana ya kiwanda imekwisha, ili wauza spea wa Grogan na mafundi wa Industrial Area nao wapate riziki.

Wabaya wake husema thamani yake huporomoka. Kweli, na hapo ndipo penye utamu: bei ya gari hushuka, bei ya spea haishuki. Aliyelipata kwa bei ya Toyota atalitunza kwa bei ya Range Rover. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kwake yeye ni kipya, hata kama ni mmiliki wa nne.

Tena asilaumiwe akimpigia broka simu kabla mwaka haujaisha. BMW waliinunua Land Rover, kampuni inayoliunda, mwaka 1994, wakaiuza kwa Ford mwaka 2000. Mwaka 2008 Ford nao wakawauzia Tata wa India. Anafuata nyayo za wakubwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kuwalisha KRA, fundi na muuza spea kwa mpigo mmoja, linunue. Ila lipeleke kwanza kwa fundi asiyejuana na muuzaji, uliache limezimwa usiku mzima, ulitazame asubuhi kabla hujalipa. Ukitaka kufika kazini tu, Probox zipo tele.