Mwandishi wa Mangobo

Tangu Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, itoke mwaka 2007, nani tena anahitaji mchapishaji? Bwana mmoja wa Mangobo, hapa Kisangani, alipakia riwaya yake humo usiku, kulipokucha akawa mwandishi wa kimataifa. Jirani alitaka kununua: pesa anazo kwenye simu, duka linadai kadi ya benki. Shemeji anayo kadi, ila umeme umekatika. Kijana wa toleka, teksi ya baiskeli, akafunga breki, akauliza kwa adabu: “Mwalimu, kitabu chenyewe tunakishika wapi?” Akaonyeshwa jalada kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Mwandishi V. S. Naipaul alitoa riwaya mwaka 1979 juu ya mji unaofanana sana na Kisangani bila kuutaja jina. Mwaka 2001 akapewa Nobel. Wa kwetu kautaja kila ukurasa. Msomaji wake mpaka leo ni mmoja, naye kampa nyota 5, kwa jina la mkewe.