Mwongozo wa Kuchagua Springi za Valvu kwa Mwenye Haraka Zake Singida

Umeshaagiza kemshafti ya mbio. Mzigo uko njiani kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita 700, na umeshawatangazia watu wa kijiweni kwamba gari lako halitakamatika tena kati ya Manyoni na Shelui. Hongera. Sasa kaa chini tuongee, maana kemshafti hujua kufungua valvu tu, haijui kuirudisha. Kazi ya kurudisha ni ya springi, na springi ndiyo watu huinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Mwongozo huu umeandikwa ili chenji hiyo isije ikaua injini.

Hatua ya 1: Mjue adui

Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 3,000, na kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja. Nundu ya kemshafti ikishaanza kuipunguzia valvu mwendo, valvu yenyewe bado inataka kuendelea na safari. Springi ndiyo inayoishika na kuirudisha. Springi ikishindwa, valvu huelea: inaachana na nundu, inachelewa kurudi, kisha inagonga kiti chake na kudunda. Gari linakosa nguvu palepale ulipotaka kuwaonyesha watu. Na pistoni ikipanda ikaikuta valvu bado iko nje, zinagongana, na hapo unahesabu silinda hedi nzima.

Ukisikia mtu anasema "nimeongeza elfu moja tu", mkatalie. Kutoka mizunguko 6,000 hadi 7,000 ni ongezeko la asilimia 17 kwa mwendo, lakini nguvu inayotakiwa kuituliza valvu ileile huongezeka kwa asilimia 36, kwa sababu hupanda kwa mraba wa mwendo.

Hatua ya 2: Usichague kwa rangi, wala kwa ugumu

Zipo springi nyekundu, zipo za bluu, zipo za dhahabu, na wapo wanaozichagua kama wanachagua kanga ya harusi. Rangi haibebi hata gramu moja. Ugumu nao si sifa yenyewe. Springi ngumu kuliko inavyohitajika husaga nundu za kemshafti, hula tapeti, huchosha cheni ya taiming na kuongeza joto. Springi sahihi ni ile laini kuliko zote zinazoweza kuidhibiti valvu hadi mwisho wa mizunguko yako, ukaongeza akiba kidogo. Basi.

Mji wa Singida uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya saba kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo gari lisilo na turbo litaonekana zito hata likiwa zima kabisa. Springi ngumu hairudishi hewa hiyo. Kabla ya kuilaumu injini, badilisha kwanza kichujio cha hewa. Kwa vumbi letu la kiangazi, hapo ndipo nguvu nyingi hupotelea.

Hatua ya 3: Pima, na mzani unao

Mafundi wengi husema hawana kifaa cha kupimia springi. Singida ni mkoa wa alizeti, na mizani ya kupimia magunia haijawahi kuwa adimu huku. Omba mmoja kwa nusu saa. Uweke chini ya drili ya kusimama, usimamishe springi juu ya mzani, ishushe drili ikiwa imezimwa hadi springi ifikie kimo unachotaka, kisha soma kilo. Pima zote, moja baada ya nyingine. Kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE valvu ni 16, kwa hiyo na springi ni 16, na moja iliyolegea inatosha kuharibu kazi ya wenzake 15.

Kimo cha kufungia, yaani kimo cha springi valvu ikiwa imefunga, nacho kipimwe kwenye silinda hedi yako. Usikisie. Funga valvu, kisahani cha springi na kabari zake mbili bila springi, vuta juu, kisha pima kwa vania kutoka pale springi inapokalia hadi chini ya kisahani.

Hatua ya 4: Hesabu kabla ya kulipa

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Kimo cha kufungia ni milimita 34. Kwenye kimo hicho springi inasukuma kilo 30, na kila milimita unayoibana inaongeza kilo 3.5. Kemshafti inainua valvu milimita 9. Valvu ikifunguka yote, springi itasukuma kilo 61.5 na itabaki na kimo cha milimita 25. Kama mizingo yake hugusana ikifika milimita 23, umebaki na nafasi ya milimita 2. Inatosha, usishuke chini ya milimita 1 hadi 1.5.

Sasa weka kemshafti ya kuinua milimita 10.5. Nafasi inabaki nusu milimita. Mizingo ikigusana, kitu lazima kivunjike: rokaamu, tapeti au nundu yenyewe. Na ukiweka washa ya milimita 1 chini ya springi ili "kuikaza", umepata kilo 3.5 na umepoteza milimita nzima ya nafasi. Ifanye hesabu hii kwenye karatasi, maana karatasi ni rahisi kuliko kemshafti.

Mwenye turbo aongeze hesabu moja. Valvu ya kuingiza hewa yenye kipenyo cha milimita 34 husukumwa na hewa ya bari 1 kwa karibu kilo 9, na kilo hizo zinapingana na springi.

Wala usikope namba za gari la jirani. Peugeot 404 aliyoiendesha Bert Shankland kutoka Tanzania aliposhinda rali ya East African Safari mwaka 1966 na 1967 ilikuwa na kemshafti ndani ya bloku, ikifikisha amri kwenye valvu kwa fimbo na rokaamu. Injini ya IST ina kemshafti mbili juu ya valvu. Uzito unaotakiwa kutulizwa ni tofauti kabisa.

Hatua ya 5: Usikidharau kisahani

Kisahani husafiri na valvu mwendo wote, kwa hiyo kila gramu unayoipunguza hapo ni nafuu kwa springi. Titani ina takriban asilimia 60 ya uzito wa chuma, ndiyo maana watu wa mashindano huipenda. Lakini husagika springi inapoikwangua, na lazima ifunguliwe na kukaguliwa mara kwa mara. Kwa gari la kila siku, chukua kisahani cha chuma kizuri. Cha alumini kiache.

Hakikisha pembe ya kabari inalingana na ya kisahani. Zipo za digrii 7 na zipo za digrii 10, na zikichanganywa valvu inaweza kuchomoka na kuangukia ndani ya silinda. Hakikisha pia kwamba valvu ikifunguka yote, kisahani kinabaki angalau milimita 1.5 juu ya sili ya valvu. Kikiigonga, sili itapasuka na kila asubuhi gari litatoa moshi wa bluu.

Hatua ya 6: Kabla ya Sekenke

Ukitoka Misigiri kuelekea Shelui, unateremka mlima Sekenke. Pale ndipo wenye injini za kisasa hujidanganya kwamba kompyuta itawalinda. Kompyuta hukata mafuta mizunguko ikizidi, na mteremko hauhitaji mafuta. Ukirudisha gia ya pili ukiwa kasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na springi zinajikuta kwenye mizunguko ambayo hakuna aliyezipimia. Chagua gia ukiwa bado juu ya mlima, kabla mteremko haujaanza. Na springi zako ziwe na uwezo wa kuhimili angalau mizunguko 500 zaidi ya kikomo cha injini.

Barabara ile ina malori, mabasi, bodaboda na ng'ombe. Mbio zifanyike kwenye rali, barabara ikiwa imefungwa.

Hatua ya 7: Dukani

Nenda na karatasi, umwombe muuzaji namba hizi: kilo kwenye kimo cha kufungia, kilo valvu ikiwa wazi, ongezeko la kilo kwa kila milimita, kimo ambacho mizingo hugusana, kipenyo cha ndani na cha nje, na pembe ya kabari. Zilinganishe na karatasi iliyokuja na kemshafti. Muuzaji akikujibu "hizi ni ngumu kweli kweli, kaka", mshukuru kwa heshima, umwachie springi zake, uende duka la pili.